Dakika Kumi na Mbili Bila Jicho

Asubuhi ile nilivaa shati jeupe la sherehe, nikalipiga pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Rubani haonekani kwenye matangazo, wala sauti yake haisikiki, lakini nilivaa hivyo hivyo. Watu milioni arobaini walikuwa wanaangalia porini kupitia mikono yangu. Jamani, ningekaaje pale na fulana ya kulalia?

Naitwa Kalunde Msonde, Mnyamwezi wa Urambo, rubani mkuu wa Kituo cha Ardhioevu kule Uvinza. Kama umewahi kuvaa miwani ukaona kiboko anapiga miayo mbele ya pua yako, au nyati wanavuka matope huku wewe umekaa sebuleni na kikombe cha chai, basi umeshaona kazi yangu. Tangu Sheria ya Nyayo ipite, mguu wa mtu haugusi tena nyasi za mbugani. Hakuna gari, hakuna hema, hakuna bunduki. Anayemtaka tembo huvaa miwani, na tembo analetwa na mtu kama mimi. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Watu husema najidai, na ni kweli, najidai. Nani mwingine atanisifia?

Na chombo chenyewe, ndege nyuki ninayoirusha nikiwa nimekaa kituoni, hakikutoka ng'ambo. Kimya namba nne iliundwa Kigoma, kwenye karakana ya nyuma ya reli, na mafundi ninaowajua kwa majina. Tuliiga unyoya wa bundi. Ukingo wa kila pangaboi tuliukata meno madogo madogo, hewa ikawa inapita bila kupiga kelele. Tumboni tuliivalisha ngozi inayobadilika rangi kufuata mbingu, kukiwa na wingu inakuwa wingu, kukiwa kweupe inakuwa nyeupe. Simama chini yake mita thelathini, hutasikia kitu. Ndege nyuki za zamani zilivuma kama mzinga uliopigwa teke, tembo wakawa wanatimua mbio kilomita mbili. Sisi tulilimaliza hilo.

Tena mimi ndiye niliyeandika sheria ya kupimia. Mnyama asiposogea hatua kumi tangu chombo kifike, hasumbuliwi, endelea kupiga picha. Akisogea hatua kumi, ondoka. Basi. Ilikuwa fupi, mtoto wa darasa la nne angeielewa. Waliiita Kanuni ya Kalunde, ikaingia kwenye kitabu cha marubani cha nchi nzima, na siku ilipochapishwa nilimpigia mama yangu simu nikalia.

Siku hiyo nilikuwa juu ya kiota cha korongo nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu cha mbao. Watazamaji walimpa jina la Bi Mkuu. Alikuwa amesimama katikati ya mafunjo, ameinamia yai moja, na yai lilikuwa na ufa tangu alfajiri. Hajawahi kuonekana kifaranga wa korongo nyangumi akitoka kwenye yai mubashara. Leo angeonekana, na mimi ndiye ningemwonyesha.

Kawaida Kimya hukaa angani saa moja na dakika arobaini, kisha inarudi kubadilishiwa betri, na ya pili inakwenda kuchukua zamu. Katikati hapo huwa pana pengo la dakika kumi na mbili ambalo watazamaji hupigiwa muziki. Siku hiyo pengo nililiondoa. Niliweka Kimya mbili zikapokezana hewani bila kuachiana nafasi, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Wazo lilikuwa langu mwenyewe, na kwenye kikao walinipigia makofi.

Ilipofika saa nne kamili, Bi Mkuu alikuwa hajasogea hata hatua moja.

*

"Wafiwa mko wapi? Uji wa msibani umeshaiva?"

Niligeuka. Mlangoni alisimama Gwimo, Mha wa Kasulu, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali na kushika kichwa kwa mikono miwili kama mama aliyefiwa. Gwimo alikuwa mtu wa chumba cha mapigo, kile kichumba cha nyuma karibu na stoo ya matairi. Kazi yake ni kusoma punje. Punje ni kihisi kidogo kama chembe ya mchele, hutiwa chini ya ngozi ya mnyama mara moja tu, na kuanzia hapo kinapeleka mnarani mapigo ya moyo na mahali mnyama alipo. Wakati ule hakuna aliyejali punje. Palipo na picha, nani atasoma namba?

"We Mha," nikamwambia, "leo si siku ya utani. Niko hewani."

"Utani una siku ya kupumzika? Nipe kiti, mfiwa. Nimetoka mbali kuja kuzika."

"Nani kafa?"

"Hajafa bado. Atakufa saa saba mchana. Nimewahi ili nipate nyama."

Marubani wenzangu wawili wakacheka. Mimi nilisonya. Lakini lazima uelewe, Gwimo ni mtani wangu, Mha kwa Mnyamwezi, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kuja kwenye msiba wa baba yako akalala kwenye jeneza na kukwambia marehemu alikuwa mchoyo, nawe unameza, maana ndiyo kazi yake. Mtu mwingine yeyote pale kituoni angekuja kunisema siku ile, ningemtimua. Nadhani alilijua hilo. Nadhani ndiyo sababu alijifunga khanga.

Akavuta kiti, akakaa, akaweka kibao chake mbele yangu. Palikuwa na mstari wa kijani unaopanda na kushuka.

"Moyo wa nani huu?" akaniuliza.

"Sijui. Wa mtu anayekimbizwa na mbwa."

"Mapigo mia mbili na kumi kwa dakika," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Ni wa Bi Mkuu, sasa hivi, hapo unapomwona ametulia. Jana usiku akiwa peke yake alikuwa na themanini na nne."

"Yai linapasuka, Gwimo. Hata wewe mkeo alipojifungua ulitapika."

"Nilitapika, sikatai. Sasa angalia wiki nzima." Akasukuma mstari nyuma. "Hapa unafika, mia mbili. Hapa unakwenda kubadilisha betri, unashuka, mia na kumi, tisini. Hapa unarudi, mia mbili tena. Kila siku, dada. Kama saa ya ukutani."

Nikamwambia kanuni. Hatua kumi. Ndege huyu hajasogea hata moja, kwa hiyo hasumbuliwi, na kama moyo wake unadunda ni mambo yake na Mungu wake. Nilisema kwa sauti ya mtu anayesomea wanafunzi.

Gwimo akanitazama. "Dada Kalunde, mwizi akiingia kwako umeshika mtoto mchanga, utakimbia?"

"Thubutu!"

"Utafanya nini?"

Nilijua ningefanya nini. Ningesimama pale pale, nimemfunika mtoto, wala nisingepepesa macho.

"Kuna kitu kibaya zaidi," akasema. "Hesabu maji."

*

Kule ardhioevu jua la mchana halina masihara. Kiota cha korongo nyangumi kiko wazi, hakina kivuli hata cha jani, na saa saba joto linafika nyuzi arobaini na moja. Mama hukiokoa kwa njia moja tu. Anakwenda kwenye maji, anajaza ule mdomo wake mpana, anarudi, anamwagia yai. Anakwenda tena. Mchana mmoja anaweza kwenda mara kumi na tano. Hilo kila rubani anajua, tunalifundisha, na watazamaji hulipenda kweli kweli.

Gwimo alinitaka nimwonyeshe picha za wiki nzima. Nikazifungua, nikaanza kuhesabu safari za maji. Jumatatu, moja. Jumanne, hakuna. Jumatano, moja.

"Lakini yai lingekuwa limeshakufa," nikasema. "Mara moja kwa siku haitoshi."

"Haitoshi. Sasa leta saa ulizokuwa unabadilisha betri."

"Hatuna picha za saa hizo."

"Najua huna. Mimi ninazo." Akageuza kibao, akanionyesha kidoa cha kijani, mahali Bi Mkuu alipokuwa. Dakika ya pili baada ya Kimya kuondoka, kidoa kiliruka kutoka kiotani, mita sitini mpaka majini, kikarudi. Kikaenda tena. Kikaenda tena. Safari nne ndani ya dakika kumi na mbili, haraka haraka, kama mama anayewahi kuteka kabla bomba halijafungwa. Kisha Kimya ya pili ikafika, na kidoa kikaganda kiotani kwa saa moja na nusu.

Yai lile lilikuwa linaishi kwenye mapengo yetu. Na mapengo nilikuwa nimeyaondoa.

"Lakini hatusikiki," nikasema, na sauti yangu haikuwa tena ya mwalimu. "Tumbo lina rangi ya mbingu. Anaona nini?"

"Mimi nasoma mapigo tu. Wewe ndiye rubani. Kitu gani huning'inia juu ya kiota bila kupiga mbawa?"

Sikuhitaji kufikiri. Kipanga. Kipanga anayejiandaa kushuka huegemea upepo akatulia tuli, na kadiri anavyotulia ndivyo alivyo hatari. Huenda jicho la ndege linaona ukingo wa Kimya pale tunapoona mbingu tupu. Miaka minane tulihangaika kuifanya itulie zaidi. Tulimtengenezea mama yule kipanga asiyechoka, asiyeondoka, asiyeshuka. Naye alifanya anachofanya mama yeyote. Alisimama juu ya yai lake akakataa kuondoka, akawa analichoma kwa jua huku akililinda.

Nikauliza ambalo sikutaka kuuliza. "Na viota vya mwaka jana?"

"Vilikuwa saba. Sita vilikufa, tukaandika joto. Cha saba kilikuwa kwenye lile bonde ambalo mawimbi ya mnara hayafikishi picha. Hatukukipiga picha hata siku moja. Kilitoa vifaranga wawili, tukawaona baadaye walipotoka bondeni na mama yao."

Nilikumbuka nilivyoandika ile taarifa ya viota sita. Niliiandika vizuri, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikalaumu jua. Uso ulinishuka, nikashindwa hata kuinua macho kumtazama Mha wa watu.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini. Maji ya mwisho Bi Mkuu aliyamwaga kabla ya saa mbili. Gwimo alikuwa amepiga hesabu kwa viota vya mwaka jana. Bila maji yai huvumilia muda wa saa tano tu, yaani mpaka saa saba.

*

Mkurugenzi wetu, Bi Edesia, alikuwa chumba cha pili na wageni wake. Ni mwanamke mpole, mrefu, hapandishi sauti. Nilimvuta pembeni nikamweleza yote, nikamwonyesha kidoa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akaniuliza, "Unakumbuka mfereji?"

Nani asiyekumbuka? Miaka miwili nyuma walikuja watu na michoro ya kukausha ardhioevu yote kwa mfereji mmoja, walime miwa. Karatasi zilikuwa zimeshagongwa mihuri. Kilichousimamisha ni picha zangu. Milioni thelathini walivaa miwani, wakamwona korongo nyangumi anatembea kwenye maji ambayo yangekuwa shamba, wakapiga kelele dunia nzima, na michoro ikarudishwa kabatini.

"Haijachanwa, Kalunde," akasema. "Iko kabatini. Bodi inakaa mwezi ujao, na wanataka kitu kimoja tu, kwamba ndege huyu bado anazaliana hapa. Leo wangemwona akizaliana. Ukiondoa picha, nitawapa nini? Asiyeonekana nani atamtetea?"

"Na kifaranga akifia mbele yao?"

"Mmoja," akasema polepole. "Kifaranga mmoja, kwa ardhioevu nzima. Mimi sisemi ni sawa. Nakuuliza wewe, ungechagua nini?"

Sitamsema vibaya Bi Edesia, wala leo simsemi. Swali lake lilikuwa la kweli. Nilikuwa na jambo moja tu. Mikono iliyoshika kile chombo ilikuwa yangu. Kama lile yai lingeiva pale juani, lingeivia mikononi mwangu, na sheria yenye jina langu ingesema hakuna aliyemsumbua. Nilipiga moyo konde nikarudi kwenye kiti changu.

Sasa, kuna njia mbili za kuondoa chombo. Ya kwanza ni kusema mtambo umeharibika. Unabonyeza kitufe, skrini inaandika samahani, muziki unapigwa, na jina lako linabaki safi. Gwimo mwenyewe aliniambia, "Sema betri." Rubani mwenzangu naye akasema, "Dada, sema betri, tusihangaike."

Nikawaambia hapana. Kimya haijaharibika hata siku moja mikononi mwangu, na sitaisingizia leo. Mafundi wa Kigoma hawakuunda kitu kibovu. Kilichokuwa kibovu ni sheria, na mwenye sheria ni mimi.

Nikafungua kipaza sauti. Nilisikia Bi Edesia anaingia mlangoni, akasimama nyuma yangu, karibu na swichi ya kukatia matangazo.

"Habari za asubuhi," nikasema kwa watu milioni arobaini. "Naitwa Kalunde Msonde. Mimi ndiye rubani. Mnamwona Bi Mkuu ametulia, na mimi niliwafundisha kwamba mnyama aliyetulia hana shida. Sikilizeni moyo wake."

Gwimo akaunganisha punje na sauti. Du-du-du-du-du. Ilijaa chumba kizima. Huwezi kusikia moyo wa namna ile ukabaki umekaa vizuri kwenye kiti. Yule ndege kwenye picha alikuwa ametulia vile vile, kama aliyechongwa, na moyo wake unakimbia porini peke yake.

"Huo ni woga," nikasema. "Anatuogopa sisi. Hakimbii kwa sababu ana mtoto. Tangu saa mbili hajaenda majini kwa sababu tuko juu yake, na asipokwenda, mtoto huyo hatatoka hai. Nilikosea. Kanuni inayosema hatua kumi niliandika mimi, na nilihesabu miguu, sikuhesabu moyo. Sasa ninaondoka. Hamtamwona kifaranga leo. Kama mnampenda, bakini msikilize."

"Kalunde, rudisha," Bi Edesia akasema nyuma yangu, taratibu.

"Nifukuze saa kumi, mkurugenzi. Sasa hivi niache nirushe."

Nikaivuta Kimya nyuma. Niliivuta kama unavyotoka chumba alicholala mgonjwa, bila kuipandisha, bila kuigeuza ghafla, maana kipanga anayegeuka ghafla ndiye anayeshuka. Nilikuwa sijawahi kurusha vizuri vile maisha yangu yote, na nasema hivyo bila aibu. Mita mia mbili, moyo mia mbili na tano. Mita mia nne, mia na tisini. Bi Mkuu akawa kijidoa cha kijivu, kisha mafunjo yakamfunika, picha ikawa mafunjo tu. Mita mia nane, mia na ishirini. Nikageuza jicho la Kimya likatazama mbali kabisa, kisha nikazima picha.

Skrini ikawa nyeupe, na kidoa kimoja cha kijani katikati. Du, du, du. Du. Du. Ulikuwa unashuka, na kila mtu mle chumbani alikuwa anashuka nao, hata mabega yao.

Watazamaji wakaanza kukimbia. Milioni thelathini na tano. Ishirini. Kumi na moja. Nilitazama namba zinavyoporomoka, na sitakudanganya, kila milioni ilinichoma, maana nilizikusanya mwenyewe kwa miaka kumi na tisa. Bi Edesia mkono wake ulikuwa juu ya swichi. Hakuibonyeza.

Kidoa kikaruka.

Mita sitini, mpaka majini. Kikatulia kidogo. Kikarudi kiotani.

"Moja," Gwimo akasema.

Kikaenda tena. "Mbili," tukasema sote. Ya tatu Bi Edesia alihesabu nasi, kwa sauti ya chini, halafu akavuta kiti akakaa. Mpaka saa kumi jioni kidoa kilikwenda majini mara kumi na saba. Watu milioni sita walibaki mpaka mwisho wakitazama kidoa kwenye ukurasa mweupe. Ukiniuliza, wale milioni sita nawathamini kuliko arobaini.

*

Barua ya kunisimamisha ilifika kesho yake, na ilikuwa na haki. Nilikiuka amri, niliondoa matangazo bila idhini. Walininyang'anya leseni, wakanihamishia chumba cha mapigo, karibu na matairi. Gwimo alinipokea kwa kulia tena kwa sauti kwamba Wanyamwezi wamekuja kubeba mizigo ya Waha, kama kawaida yao. Nilimtupia kiatu.

Ukurasa wa kanuni yangu waliuacha utumike miezi sita zaidi huku wakichunguza. Niliwaandikia nikawaambia wasisubiri miezi sita, waufute leo, na mwenye jina ndiye anayeomba.

Wiki ya sita akaja mkaguzi wa bodi, Bi Wakuru, mwanamke wa Kikurya mwenye umri kama wa miaka thelathini, mkavu wa maneno. Alikuja na fomu na sanduku jeusi. Alipolifungua nikaiona Kimya namba tano, mpya, ndogo, nzuri ajabu. Mikono iliniwasha.

"Shikamoo," akasema. "Nilifundishwa kwa kitabu chako."

"Marahaba. Nisamehe kwa hilo."

Hakutabasamu. "Bodi inauliza jambo moja. Yule kifaranga yuko hai?"

"Yuko hai."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Hajatiwa punje, na hakuna aliyemwona." Nikamvutia kiti, nikamfungulia kidoa cha Bi Mkuu, siku kwa siku. Nilimwonyesha safari za maji. Kisha nikamwonyesha kilichoanza siku ile ile, saa nane mchana, na hakijakoma tangu hapo. Kidoa kinakwenda mbali, kilomita nzima, mpaka kwenye tope la kamongo, kinakaa hapo saa moja, mbili, kinarudi moja kwa moja kiotani. Kisha kinakwenda tena. "Anavua samaki, anampelekea mtu. Wiki sita. Mama hapeleki chakula mahali pasipo na anayekula."

Bi Wakuru alikitazama muda mrefu. Kisha akafungua fomu. "Hapa pameandikwa *ushahidi wa picha*. Hapajaandikwa ushahidi wa kidoa. Nikiacha wazi, wanaweza kusema kiota ni kitupu, na wewe unajua watafanya nini na ule mfereji." Akaitazama Kimya yake. "Kutoka hapa mpaka kiotani ni dakika ngapi?"

"Sita."

"Picha moja. Dakika sita kwenda, sekunde kumi, narudi."

Ilikuwa saa saba mchana. Nje bati lilikuwa linatoa mlio kwa joto. Sikuwa na leseni, sikuwa na cheo, na chombo kilikuwa chake. Ningeweza kumsihi. Badala yake nilifungua sauti ya punje, nikamgeuzia spika.

Themanini na nne. Themanini na mbili. Moyo wa mama aliye nyumbani kwake.

"Ukifika utausikia unapanda," nikamwambia. "Mimi niliusikia. Sitakuzuia, mdogo wangu. Sheria bado inakuruhusu, na jina lililo juu ya sheria ni langu."

Alikuwa ameshashika kishikio. Alikaa hivyo, anasikiliza. Kwenye skrini kidoa kikaruka, kikaenda majini, kikarudi, kikaenda tena, na Bi Wakuru akawa anakifuata kwa macho, kwenda na kurudi.

Mwisho akaiweka Kimya sandukuni, akafunga kufuli zote mbili. Akanisukumia fomu na kalamu.

"Jaza wewe," akasema. "Mimi nitaweka sahihi chini yako."

Nilivuta kiti karibu na meza. Mbele ya ushahidi wa picha niliandika *Hakuna*. Mbele ya idadi ya vifaranga niliandika *Mmoja, yuko hai*. Na pale kwenye jina la rubani aliyehakiki, ambapo kwa haki, bila leseni, nilipaswa kuacha wazi, niliandika jina langu lote, pamoja na la baba na la babu, kwa herufi kubwa, mpaka likavuka mstari.